Siku Tisa Nilizomzimia Bu Imas Injini

Mama yule, Bu Imas, alikuja siku tisa mfululizo, kila siku saa nne na nusu asubuhi, akanilipa nimzimie injini moja.

Hakuja kurusha ndege. Usukani hakuugusa hata mara moja.

Alitaka nirushe mimi, yeye akae kiti cha kulia na daftari la shule mapajani. Ndege ikiacha ardhi tu, nizime injini ya kulia. Halafu tuangalie kama tunapita juu ya kilima au hatupiti.

Tukishapita, anaandika neno moja, anafunga daftari na kusema, "Basi, Yan. Yatosha."

Dakika nne. Na mtu kalipia saa nzima.

Niwaambie mapema kabisa: mpaka leo nikisikia ndege inapaa, natoka nje kuitazama mpaka ivuke kilima. Mke wangu ananicheka. Acha acheke, yeye hakuwepo.

Naitwa Yayan. Nafanya kazi kwenye duka la simuleta, ghorofa ya tatu ya jengo la maduka, mji wetu wa milimani huku Java Magharibi, Indonesia, ambako mama tunamwita Bu na baba Pak.

Simuleta ni chumba cha rubani cha kuigiza. Viti ni vya kweli, vilitolewa kwenye ndege iliyostaafu. Usukani upo, leva za nguvu zipo, na mbele kuna skrini kubwa inayoonyesha uwanja wetu wa ndege hadi minazi ya pembeni. Mimi nakaa nyuma ya mteja na tableti. Humo ndimo naandika uzito wa ndege, joto, upepo, na nikitaka kumtesa mtu nazima injini.

Uwanja wetu wenyewe ni wa mashaka. Njia ya kurukia ni fupi. Mji uko juu, mchana kuna joto, hewa inakuwa nyepesi na mabawa hayaishiki vizuri. Na mbele kabisa, ukishapaa, kuna kilima chenye minara miwili ya simu. Kila rubani anayeondoka hapa anakijua kile kilima kuliko anavyomjua shemeji yake.

Siku ya kwanza mama aliniambia, "Andika tani sitini na nne. Joto thelathini na tatu."

Nikaandika.

"Lakini kasi tumia za tani sitini. Vuta pua ya ndege juu kasi ikifika mia thelathini na moja."

Nikageuka. "Bu, ndege nzito inataka kasi zaidi. Ukivuta pua mapema hivyo itaburuzika."

"Najua."

"Sasa kwa nini tuvute mapema?"

Akakitazama kilima kwenye skrini.

"Kwa sababu ndivyo watakavyovuta wao."

Wao nani? Sikuuliza. Nikasukuma leva.

Alipoondoka nilimsimulia Resti, binti wa kaunta. Resti mdomo wake haujui kufunga hata Ramadhani.

"Anajifunza kuangusha ndege, huyo," akasema bila kuacha kuchezea simu.

"Acha maneno wewe. Mama mtu mzima, kavaa mtandio, anaongea kwa upole."

"Haya. Siku ukihojiwa kwenye televisheni useme hivyo hivyo, 'alikuwa mpole sana, mtandio wake wa kijani.'"

Nikacheka. 

Siku ya pili akarudi. Ya tatu. Ya nne. Tani zile zile, kasi ile ile, injini ile ile. Ndege inapaa, nazima, inayumba kidogo, naishika, tunapita juu ya minara. Anaandika.

Siku ya sita alienda msalani akaacha daftari kitini. Najua si tabia nzuri. Nililifungua.

Kulikuwa na tarehe. Mbele ya kila tarehe, idadi ya watu: 170, 172, 174, 176, 178. Halafu saa: saba na dakika ishirini mchana. Halafu jina la mji: Makassar. Mwisho wa kila mstari neno moja, "imepita".

Nikalirudisha kitini. Ile ni ndege ya kweli. Inaondoka kila mchana, tunaisikia hata tukiwa dukani.

Mtu mwenye hesabu ya abiria wa ndege ya kweli, anayekuja kila siku kutazama kama itagonga kilima. Wewe ungefikiria nini?

Nilitaka kumwita mlinzi wa jengo. Nikajiuliza, je, akiwa mama wa watu tu? Nitaitwa punguani mji mzima. Sikumwita. Usiku huo, saa ya daku, nikawa nautazama wali tu.

Siku ya tisa ilikuwa siku nne kabla ya Idi. Bosi wetu, Daeng, alikuwa ameshatuaga jana yake, yeye na mke na mapacha wake, wanaenda kwao kula sikukuu. Duka tumebaki mimi na Resti.

Bu Imas akaingia na boksi la keki.

"Za kufuturia," akasema. Uso wake ulikuwa tofauti, kama mtu aliyepona homa.

Tukarusha. Nikazima injini. Tukapita. Akaandika, akafunga daftari, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akanishika mkono akaanza kulia.

"Umeniponya, Yan. Mwezi mzima sijalala."

"Bu, kuna nini?"

"Mimi ndiye ninayeandika karatasi ya uzito pale uwanjani."

Mama akaeleza yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa.

Kabla ndege haijaondoka, mtu mmoja anajumlisha uzito wa abiria, mabegi na mafuta. Anasaini. Karatasi inapelekwa kwa rubani, na rubani anapiga hesabu zake humo: nguvu ya injini, kasi ya kuvuta pua. Yeye hapimi chochote. Anaiamini ile karatasi.

"Abiria mmoja na kibegi chake cha mkononi tunamwandikia uzito uliopangwa kitaalamu," akasema. "Sasa wewe unatujua sisi na sikukuu. Nani anaenda kwao mkono mtupu?"

Nikaelewa hapo hapo. Zawadi za nyumbani. Kila anayesafiri kwa Idi anabeba maboksi ya keki, chipsi za ndizi, viatu vya wapwa, kila kitu kimefungwa kamba ya plastiki. Hata mimi. Hakuna anayeyaita mzigo. Yanaingia ndani na mwenyewe, juu ya kichwa, chini ya miguu, mapajani.

"Niliazima mizani ya muuza mboga," akasema Bu Imas. "Siku tatu nikawa napima maboksi mlangoni. Na mizani ya kaunta ya pili imekufa, mabegi yanaandikwa kilo kumi na tano kwa macho tu. Nikajumlisha. Tani nne, Yan. Karatasi inasema sitini, ndege ina sitini na nne."

"Na bosi wako?"

"Pak Wiryo? Nilimwambia. Akaniuliza, 'Wewe ni rubani? Kuna rubani aliyelalamika? Ndege si inapaa kila siku?' Kweli inapaa. Nikasema basi, ngoja nikaone kwa macho yangu. Injini moja ikifa juu ya uwanja huu, na zile tani nne, itakuwaje?"

Akafuta machozi akatabasamu.

"Siku tisa, na siku zote tisa imepita. Basi Mungu katuonea huruma, ni woga wangu tu wa kizee. Leo imejaa kuliko siku zote, na leo nasaini kwa amani. Zikiisha hizo keki nitakuletea nyingine."

Akaondoka. Nikaisikia lifti ikifunga mlango.

Sasa, kuna kitu sijawaambia.

Siku tulipofungua duka, miaka miwili nyuma, mteja wetu wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka kumi. Siku yake ya kuzaliwa. Aliangusha ndege mara tatu, akalia mpaka akatapika, na keki yake haikukatwa. Wazazi wakadai pesa yao.

Jioni ile Daeng aliniita. "Yan, mtu halipi ili afe. Fanya ipae."

Nikafanya. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mchana mmoja tu. Niliingia ndani ya programu nikafunga uzito. Uandike tani hamsini, uandike sabini, namba kwenye skrini inabadilika, lakini ndege yenyewe inabaki tani arobaini na tano. Karibu tupu. Hata injini moja inaipandisha bila kuhema.

Tuliiita peremende, kama ya kumbembelezea mtoto. Ilikuwa siri ya duka, na niliionea fahari.

Kwa hiyo siku ya kwanza Bu Imas aliposema tani sitini na nne, nilijua. Siku ya pili nilijua. Siku zote tisa nilijua kwamba ninamrushia ndege tupu. Niliona ni mteja mwenye mambo yake, na mteja akijua peremende harudi.

Nilitabasamu nikaandika.

Na hata aliponishika mkono akilia, akaniambia anaenda kusaini, sikufungua mdomo. Naapa nilitaka. Aibu ilinibana, furaha yake ilinibana, na kulikuwa na sauti ndogo kichwani inasema, labda hata kwa uzito wa kweli inapita. Labda hujaharibu kitu.

"Yan, mbona umekuwa mweupe?" Resti akauliza.

Nikaingia kwenye programu nikaitoa peremende.

Tani sitini na nne za kweli. Joto thelathini na tatu. Nikakaa kiti cha kushoto, nikasukuma leva.

Nilijua kwa mgongo kabla sijajua kwa macho. Ndege haikukimbia, ilijikokota. Ile njia niliyozoea kuiacha katikati ikawa inapita, inapita, na kasi bado. Mia moja. Mia na kumi. Mia thelathini na moja nikavuta pua.

Pua ikainuka. Magurudumu yakabaki chini.

Nikaziona taa nyekundu za mwisho wa njia zinakuja. Ikaachia ardhi pale pale mwisho, na mimi nikagusa tableti nikazima injini.

Usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Ndivyo ndege inavyokuonya kwamba mabawa yanakaribia kuachia hewa. Nikishusha pua nipate kasi, kilima kinapanda. Nikiinua pua nikikwepe kilima, usukani unatetemeka zaidi. Hakuna katikati. Ile sauti ya mashine ikaanza, "Vuta juu! Vuta juu!" na mimi nampigia kelele mashine, "Nivute na nini? Nivute na nini wewe?"

Skrini ikawa nyekundu. Chini kidogo ya minara.

Resti alikuwa amesimama mlangoni, kaziba mdomo.

"Umekosea tu," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Safari hii nilijua kinachokuja. Mguu ulikuwa tayari kwenye pedali, mikono laini, magurudumu nikayakunja mapema, kila kitu kama kilivyoandikwa kitabuni. Nyekundu. Pale pale.

Nikaweka tani sitini, zile za kwenye karatasi. Nikazima injini. Ikapanda kwa shida, ikavuka minara. Kumbe karatasi ingekuwa ya kweli, kila mtu angepona.

Nikaweka tani sitini na nne na kuacha injini zote mbili. Ikapita, chini chini, lakini ikapita.

Ndiyo maana hakuna rubani aliyelalamika. Kila siku ilikuwa inapita kwa sababu kila siku injini zote mbili zilikuwa nzima.

Nikamweleza Resti kila kitu. Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu.

Resti alikuwa ameshafungua kitabu cha wateja na kupiga namba ya Bu Imas. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

"Wafanyakazi wa uwanja wakiingia kazini wanaacha simu kabatini," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake haikuwa na utani. "Nenda, Yan. Nenda sasa hivi."

Nilishuka ngazi, lifti sikuisubiri. Nje nikadandia ojek, bodaboda ya kwetu.

"Uwanja wa ndege, kaka, kimbiza!"

"Siku hizi za sikukuu? Utakimbiza hewa," akasema dereva.

Na kweli. Mji mzima ulikuwa barabarani unaenda kwao. Mabasi, magari, pikipiki zenye watu watatu na maboksi. Kila boksi nililoliona nililipima kwa macho. Kilo kumi. Kilo kumi na tano. Lile la yule baba, ishirini. 

Palipokwama kabisa nilishuka nikakimbia. Nilifika saa saba kasoro dakika tano, shati limelowa.

Mlangoni mlinzi akanyoosha mkono. "Tiketi."

"Sina, Pak. Namtafuta Bu Imas wa karatasi za uzito."

"Bila tiketi huingii. Kaa pembeni."

"Pak, watu watakufa."

Nilikosea kusema vile. Akaninyooshea kidole, uso ukabadilika. "Rudia ulichosema?"

Nyuma ya kioo abiria walikuwa wanapita kwenda kupanda ndege. Wametabasamu wote. Maboksi mikononi.

Nikapiga magoti. 

"Pak, sikuja kwa ubaya. Mpigie kwenye redio yako umwambie neno moja tu. Mwambie Yayan wa simuleta amesema ile ndege iliyopita kilima ilikuwa tupu."

"Tupu vipi?"

"Mwambie hivyo hivyo. Nakuomba, kwa heshima ya mwezi huu."

Akanitazama. Mzee wa watu, masharubu ya mvi. Akanyanyua redio akasema neno kwa neno.

Haikupita dakika, Bu Imas akatokea anakimbia, kavaa kizibao cha rangi ya chungwa, karatasi mkononi.

"Tupu?"

"Tupu, Bu. Siku zote tisa. Mashine yetu inafunga uzito ili wateja wasianguke. Nilijua. Nisamehe, nilijua."

"Na ya kweli?"

"Inagonga. Nimejaribu mara mbili. Chini ya minara."

Nilingoja anizabe kofi. Nililitaka lile kofi. Yeye akaitazama karatasi yake.

"Nimeshasaini," akasema. "Wanafunga milango."

Akageuka akakimbia.

Nikataka kumfuata, mlinzi akanidaka kola. Nikazunguka hadi uzio wa maegesho. Pale mtu unaiona ndege nzima.

Trekta la kuisukuma nyuma lilikuwa limeshafungwa puani. Mlango umefungwa. Taa nyekundu inawaka chini ya tumbo. Nikashika nyaya za uzio na kusema moyoni, nimeua watu mia na themanini kwa peremende.

Kisha nikaiona ile rangi ya chungwa.

Mama mfupi, miaka hamsini na tatu, akakimbia mpaka mbele ya trekta, akasimama, akainua mikono. Dereva wa trekta akashika breki. Mtu wa suti akaja anarusha mikono, bila shaka ndiye Pak Wiryo. Bu Imas akainua ile karatasi juu, akaichana vipande viwili.

Maneno yao sikuyasikia. Aliniambia mwenyewe baadaye.

Kapteni alifungua kidirisha cha pembeni akatoa kichwa. "Bu, kulikoni?"

"Karatasi yangu ni ya uongo, Kapteni. Kuna tani nne ambazo hazimo."

"Usimsikilize!" Pak Wiryo akafoka. "Kafunga, jua limempiga kichwani! Imas, toka hapo, leo ndiyo mwisho wako!"

"Na uwe mwisho wangu. Kapteni, pima maboksi kumi tu. Nikiwa mwongo nitembee nyumbani kwa miguu."

"Tani nne?" akauliza kapteni.

"Nne na zaidi."

Kapteni akageuza kichwa taratibu akakitazama kilima. Halafu akamtazama tena yule mama.

"Fungueni milango," akasema. "Teremsheni watu wote. Pimeni kila kitu, mpaka mikoba ya akina mama."

Mimi kule uzioni niliuona mlango unafunguka na ngazi zinarudishwa. Nikakaa chini kwenye lami ya moto nikalia kama mtoto.

Simu ikaita. Daeng.

"Yan! Duka liko wazi?"

"Liko... Daeng, mmefika salama?"

"Tumefika wapi! Jana tulichelewa na foleni, ndege ikatuacha, wakatuhamishia ya leo. Sasa tumeshakaa vitini, mikanda tumefunga, bibi mmoja kichaa kasimama mbele ya ndege! Tunateremshwa wote juani! Maboksi yangu sita wanasema yatapimwa. Mapacha wanalia. Nitamshtaki yule bibi, wallahi nitamshtaki!"

Nikainua macho. Watu walikuwa wanashuka ngazi. Na pale katikati nikamwona, shati lake la maua, pacha mmoja begani, mwingine kamshika mkono.

Daeng ni mtu wa Makassar. Miaka miwili namfanyia kazi, na siku ile nzima nikikimbia sikuwaza hata mara moja kwao ni wapi.

"Daeng," nikasema, "huyo ndiye mama wa injini moja."

"Nani?"

"Yule mteja wa kila asubuhi. Alikuwa anaijaribu ndege hiyo mliyopanda, kwenye simuleta yetu. Aliridhika kwamba inapita kilima, ndipo akasaini. Na peremende ilikuwepo."

Nikawa nasikia wanawe wanalia kwenye simu, na kwa mbali, kwa masikio yangu, wale wale wanalia uwanjani.

"Umejaribu bila peremende?" akauliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Mara mbili."

"Ikawaje?"

Nikakitazama kilima.

"Yan, nakuuliza mimi. Ikawaje?"

"Waache wapime, Daeng. Usimtukane yule mama. Waache wapime."

Akakata simu. Nilimwona akiinama, akamshusha yule pacha wa begani, akawakumbatia wote wawili pale pale kwenye lami, watu wanawapita.

Walipima hadi saa tisa na nusu. Tani nne na kilo mia mbili. Nusu ya maboksi yalibaki, watu wakalia, wakatukana, mama mmoja akamwambia Bu Imas kwamba kamharibia Idi na Mungu amwone.

Saa kumi ndege ikapaa. Nilikuwa bado uzioni. Iliacha ardhi mapema, nyepesi, ikavuka minara huku kukiwa na nafasi kubwa ya mbingu chini yake.

Hakuna injini iliyozimika. Zote mbili zilinguruma vizuri hadi Makassar. Hakuna gazeti lililoandika. Abiria wale mpaka leo wanasimulia habari ya bibi kichaa aliyewachelewesha futari.

Bu Imas alihamishiwa dawati la mizigo iliyopotea. Alisaini karatasi ya uongo, wakasema, na akaichana mbele ya watu. Lakini maboksi sasa yanapimwa mlangoni, na mizani ya kaunta ya pili imetengenezwa.

Daeng aliporudi baada ya Idi hakunisalimu. Aliingia moja kwa moja kwenye simuleta.

"Toa peremende. Tani sitini na nne."

Akarusha, nikazima injini. Skrini ikawa nyekundu. 

"Futa hicho kitu," akasema. "Mtoto akianguka, alie. Mfundishe, arudie."

Nikafuta.

Kesho yake saa nne na nusu asubuhi Bu Imas akaja. Nilikuwa nimemwogopa kuliko nilivyokiogopa kilima. Kwetu siku za Idi mdogo humwendea mkubwa kuomba radhi, na mimi nilishindwa hata kufika mlangoni kwake. Nikainama nikaubusu mkono wake.

"Nisamehe, Bu, ya nje na ya moyoni," nikasema, kama tunavyosema siku za Idi.

"Sijaja kusamehe kwanza," akasema. "Nimekuja kurusha."

Akakaa kiti cha kushoto. Kwa mara ya kwanza akaushika usukani. Nikaandika tani zile zile, kasi zile zile. Ndege ikajikokota, ikaachia ardhi mwisho wa njia, nikazima injini, usukani ukatetemeka kwenye vidole vyake vyembamba. Hakufumba macho. Alikitazama kilima mpaka skrini ikawa nyekundu.

Akatoa daftari. Akakata "imepita" ya kwanza kwa kalamu. Ya pili. Zote tisa, moja moja, bila haraka. Chini yake akaandika, "Haipiti."

"Sasa nimekusamehe," akasema, akafunga daftari.

Ndugu msomaji, mimi sikumchukia mtu na sikuiba kitu. Uongo wangu niliutengeneza ili mtoto wa miaka kumi asilie mbele ya keki yake. Sikujua kwamba siku moja angekuja mtu mwenye swali la kweli, roho za watu zikiwa mkononi mwake, na mimi nimjibu kwa peremende ile ile.

Najua na wewe, kazini kwako, kuna peremende mahali. Namba unayoiandika ili mteja atabasamu. Kitu ambacho "kila siku kinapita".

Itoe leo, kabla hajaingia mtu mwenye daftari akakuamini.